Bakteria Mia Mbili

Mjomba aliporudi likizo kutoka Houston, Desemba 2008, aliniletea kikokotoo cha kuchora grafu, TI-83 kuukuu, vitufe vimechubuka. Kidato cha Tano kizima hakuna aliyekuwa nacho. Nikavimba kichwa, bwana, sikufichi.

Baba ni mwalimu mstaafu. Kitabu chake cha majedwali ya logi amekishona mgongo kwa uzi wa gunia. Jioni moja alikuwa kando yangu nikifanya zoezi: bakteria mmoja anagawanyika na kuwa wawili kila saa, na watoto wake hivyohivyo, watafika 200 baada ya saa ngapi? Yaani logi ya 200 kwa kizio cha 2. Sasa mashine ile ina kitufe cha LOG, ambacho ni kizio cha 10, na cha LN, ambacho ni kizio cha e. Cha 2 hakuna. Lakini dawa yake tulishafundishwa: chukua logi ya 200, gawa kwa logi ya 2, mradi kizio cha juu na cha chini kiwe kimoja. Nikabonyeza. Ikaja 2.82.

"Hata saa tatu hazifiki," nikatangaza.

Baba wala hakufungua kitabu. "Saa ya kwanza wawili, ya pili wanne, ya tatu wanane. Ya saba 128, ya nane 256. Hao mia mbili wa saa tatu umewatoa wapi, mwanangu?"

Nilichomjibu nakiandika kwa aibu. "Baba, hii si ya enzi zenu. Hii haikosei."

Mama aliyekuwa akichambua mchele akaacha kuchambua. Baba akavaa miwani, akachukua penseli, akagawanya nyuma ya bahasha: 2.3010 kwa 0.3010. Mkono ulimtetemeka kidogo. Akapata 7.64 na ushee, akaiacha bahasha mezani, akaenda kulala bila kula.

Usingizi sikuupata. Usiku wa manane nikaiwasha mashine chini ya shuka. Kumbe! Ukibonyeza LOG, inafungua mabano yenyewe. Kufunga ni kazi yako. Mimi sikufunga baada ya 200, basi yenyewe ikaigawa kwanza 200 kwa logi ya 2, ndipo ikatafuta logi ya jibu hilo. Ilifanya nilivyoiagiza. Nikafunga mabano: 7.64385619. Nikachora na grafu yake, Y1=log(X)/log(2). Mstari unapanda mbiombio, halafu kama unachoka. Kwenye X ya 128 unagusa 7, kwenye 256 unagusa 8.

Asubuhi nikamkuta anafagia uwanja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamsogezea kioo, nikaanza kuomba radhi, maneno yakanikwama. Alikitazama muda mrefu. Kisha akaegemeza fagio ukutani, akafuta mikono kwenye suruali.

"Hebu nionyeshe," akasema, "hayo mabano yanafungwa wapi."

Nikakishika kidole chake, nikakipeleka hadi kwenye kitufe, pale juu ya 9.