Busi na Mti wa Mninga

Busi ni kata ya wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, katika nchi ya Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu. Tulikwenda huko kuwazuru ndugu zetu waliokuwa wakitafuta mbao za mlango wa chuo cha Kurani. Fedha zenyewe zilikuwa sadaka za watu, hivyo haikuwa halali kununua kwa pupa. Tulikaa kwa seremala tukauliza mengi, nasi twapenda wasomaji wetu wanufaike, kwani hapana nyumba isiyohitaji kitanda wala mlango.

Mti uliosifiwa ni mninga, uotao katika miombo ya bara toka kwetu hata Afrika ya Kusini. Asiyeujua atautambua kwa tunda lake, duara, lenye ubawa pembeni na miiba kama nywele katikati. Gome likijeruhiwa hutoka utomvu mwekundu mfano wa damu, na wapo wasemao kuwa ni dawa ya damu. Hayo twawaachia wenye elimu yake.

Sifa yake kubwa kwa fundi ni utulivu. Mbao nyingi zikikauka hujikunja, na mlango uliofungika vema masika huja kiangazi ukapitisha panya. Mninga husinyaa kidogo mno. Wala si mzito kupita kiasi: mita moja ya ujazo ya mbao kavu huwa kilo 640 hivi, hali mpingo hupita kilo 1,000. Randa huupitia bila taabu, hushika gundi na msumari, na ukipigwa msasa hung'aa kahawia yenye wekundu. Vumbi lake tu ndilo baya, huwasha pua na kubana kifua. Fundi yule alijifunga kitambaa usoni. Vijana wake wawili hawakujifunga, jambo lisilotupendeza.

Lakini sifa hizo ni za kiini, ambacho mchwa na bungua hawakiwezi. Chini ya gome mna mti mweupe wa kimanjano, nao ni chakula cha bungua. Wapo wapakao weupe huo rangi ya kahawia wakauza kwa bei ya kiini. Hiyo ni ghishi, ijapokuwa mti wenyewe ni mninga kweli. Mnunuzi na atake ubao upigwe randa mbele yake, atazame na ncha zake. Ndugu zetu walifanya hivyo, wakarudisha mbao tatu. Muuzaji alinung'unika, akazichukua.

Mbao za namna hiyo hutokana na mti uliokatwa mchanga, ambao kiini chake ni kidogo. Na mninga hauna haraka. Mche wake hufa juu kila kiangazi ukachipua tena masika, miaka kadhaa, huku mzizi ukijijenga chini ya ardhi. Toka hapo mpaka kufaa kupasuliwa pengine hupita miaka 80. Watu wa Kondoa waijua gharama ya kilima kitupu. Mvua ilichimba makorongo hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika zaidi.

Kabla ya kulipa, wazee wa Busi walitaka kuona kibali cha kuvuna. Mlango wa nje, upigwao na mvua, wakaufanya wa mninga. Madirisha ya barazani wakayafanya kwa paini ya kupandwa iliyotiwa dawa, na fedha zilizobaki zikanunua misahafu.