Shule Maana Yake Mapumziko! Ticha Mmoja wa Tuisheni Mbagala na Vita Yake ya Maneno

Ukipita mitaa ya Mbagala saa kumi jioni, tuisheni utaisikia kabla hujaiona. Watoto wanaitikia kwa pamoja, chaki inagonga ubao, na pembeni mama anakaanga mihogo anawasubiri watoke. Tuisheni moja ipo kwenye baraza ya nyumba ya kupanga. Mabenchi manne, ubao wa mbao uliopakwa rangi nyeusi, bati juu lina matundu. Ada ni jero kwa siku, unalipa ukija, usipokuja hudaiwi.

Ticha mwenyewe ni kijana tu. Alimaliza kidato cha sita, chuo kikakwama kwenye ada, akaamua kula kwa chaki. Matangazo hana, wala hajui kupiga kelele. Ana ugonjwa mmoja tu unaojulikana mtaa mzima: maneno. Yaani neno kwake ni kama mtu, lina kwao, lina wazazi, na lazima aulize limefikaje hapa.

Mwanafunzi akisema "ticha leo sina hela", hesabu inasimama kwanza. Anaanza: hela ni pesa ya Wajerumani. Kuanzia mwaka 1904 rupia yao ya huku ilikuwa inagawanywa kwenye heller 100. Wajerumani wakaondoka, heller ikafa, jina likabaki mdomoni kwetu mpaka leo. Na "shule" nayo wametuachia haohao. Meza na bendera tumepewa na Wareno. Halafu anawaachia bomu: "gereza" nalo ni la Wareno, na kwao "igreja" ni kanisa.

"Ticha, kanisa limekuwaje jela?"

Hapo ndipo anapopapenda. Anawaambia Wareno walikuwa wanajenga makanisa yao ndani ya ngome. Miaka ikapita, ngome zikabadilishwa kazi. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, na kuanzia 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela kweli. Watoto wanacheka, lakini neno halitoki tena kichwani.

Sasa, mwezi wa nne mwaka ule akaletwa binti mmoja wa kidato cha pili. Baba yake dereva bodaboda. Darasa la saba alifaulu vizuri, Hisabati ndiyo usiseme. Kufika sekondari akaporomoka kama embe bovu. Wenye watoto kwenye shule za kata wanaijua hadithi hii. Miaka saba mtoto anafundishwa kila kitu kwa Kiswahili, kisha likizo moja inapita, Januari anaingia kidato cha kwanza na karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Akili ni ileile, lakini mlango umebadilishwa kitasa.

Binti alikuwa haongei. Anakuja, "shikamoo mwalimu", anakaa benchi la nyuma, anaandika, anaweka jero yake mezani, anaondoka. Akiulizwa swali anatazama chini. Wiki tatu nzima.

Ticha hakumlazimisha. Akaendelea na vituko vyake. Siku moja akaandika siku za wiki ubaoni akauliza: ya sita iko wapi? Jumamosi ni mosi, ya kwanza. Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Vizuri. Inayofuata ilitakiwa iwe Jumasita, si ndiyo? Lakini tunasema Alhamisi, ambayo tumechukua kwa Waarabu, na kwa Waarabu hiyo ni siku ya tano, maana wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo wiki ya Mswahili ina siku za tano mbili, na ya sita haipo kabisa.

Baraza zima likalipuka kwa vicheko. Halafu sauti ndogo ikatoka nyuma: "Kwa hiyo Alhamisi na hamsini ni ndugu?"

Ticha akageuka. Ni yule binti. Ndiyo, ni ndugu. Hamsini ni ya Waarabu pia, imetoka kwenye tano yao. Na kwa kuwa alishaanza, ticha akampa nyingine: mraba je, una ndugu yake kwenye namba? Binti akafikiria, pande nne, akasema "arobaini". Sawasawa. Arobaini na mraba zote zimetoka kwenye nne ya Waarabu. Siku hiyo alihama mwenyewe akaenda kukaa benchi la pili.

Baadaye ndipo ilipojulikana kilichomfunga mdomo. Shuleni alisimamishwa kusoma kwa sauti, akakutana na neno "debt". Akalisoma kama lilivyoandikwa, na ile b yake akaitamka kabisa. Darasa likamcheka mpaka kengele. Mwalimu wa somo naye akacheka. Tangu siku hiyo akawa akiitwa jina hilo uwanjani, "Debti, Debti". Akaapa kutofungua mdomo tena.

Ticha alipolisikia hilo hakumpa pole. Alimpa historia. Neno hilo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na lilipofika halikuwa na b. Walikuwa wanaandika "dette" na wanatamka hivyohivyo bila b. Baadaye wasomi wao waliokuwa wanaipenda Kilatini kupita kiasi wakaona Kilatini ni "debitum", wakaichomeka b kwenye maandishi ili neno lionekane limesoma. Midomo ya watu ikakataa kuifuata. Kwa hiyo b ile imesimama pale kama mgeni ambaye hajawahi kukaribishwa.

"Wewe ulisoma kilichoandikwa," akamwambia. "Waliokosea ni wao, tena zamani, kabla babu yako hajazaliwa. Kariri tu kwamba haitamkwi, ila usione aibu."

Wapo wanaoona haya ni mambo ya kupoteza muda. Lakini kwa mtoto aliyeamini kwamba yeye ni mjinga, kujua kwamba lugha yenyewe ina vichekesho vyake ni dawa. Ticha alikuwa na kawaida ya kuzipima lugha zote mbili hadharani. Mpunga, mchele, wali: kwetu vitatu, Kiingereza kina "rice" moja tu, ya shambani, ya gunia na ya sahani. Upande wa pili, sisi tuna kidole kimoja, wa mkono au wa mguu ni kidole tu, wakati wao wana "finger" na "toe". Kila lugha ina sehemu ina utajiri na sehemu inakopa kwa jirani.

Na kukopa wala si aibu. Waarabu walikuwa na "kitab". Mswahili akaiona ile ki ya mwanzo, akasema hii si ni kama kiti na kisu? Basi vikiwa vingi ni vitabu. Mwarabu mwenyewe akisikia vitabu anashangaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kipilefti cha barabarani, ambacho ni Kiingereza cha kuambiwa shika kushoto, na leo watu wanasema vipilefti bila wasiwasi. Hata wazungu wanakopa kwetu. Ule mchezo wa kupanga vipande vya mbao unaoitwa Jenga ulianza kuuzwa London mwaka 1983, na jina ni letu, kujenga. Aliyeubuni ni mama wa Kiingereza aliyekulia huku Afrika Mashariki.

Kazi kubwa hasa aliifanya kwenye masomo. Siku ya "photosynthesis" binti alikuwa ameikata kwa kalamu nyekundu kwenye daftari, ameandika pembeni "sielewi". Ticha akamuuliza darasa la saba waliitaje namna mmea unavyotengeneza chakula kwa mwanga. Usanisinuru. Haya, ikate. Nuru iko wapi? Ni ile "photo", Wagiriki wanamaanisha mwanga. Usanisi uko wapi? Ni "synthesis", kuunganisha vitu kupata kitu kipya. Ni neno lilelile limevaa nguo nyingine. "Triangle"? Tatu na pembe. Pembetatu. "Perimeter"? Peri ni kuzunguka, meter ni kupima. Mzingo. Vyote hivi alishavijua akiwa na miaka kumi na mbili, na akapata alama nzuri. Hakuna aliyemwambia kwamba ni vilevile.

Mwezi wa tisa baba akaja na bodaboda yake, amenuna. Hakushuka hata.

"Mwalimu, mimi natoa jero kila siku mtoto ajue Kiingereza. Nikipita hapa nasikia Kiswahili mwanzo mwisho. Mtaa wa pili pale wameandika mlangoni Kiswahili marufuku. Nataka nimhamishe."

Mzee hakuwa peke yake. Wazazi watano walishahamisha watoto kwa sababu hiyohiyo. Na zipo shule ambazo mtoto akikamatwa anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni mpaka ampate mwenzake wa kumrithisha, kwa hiyo wazazi wengi wanaamini kujifunza Kiingereza ni lazima kwanza uionee aibu lugha ya nyumbani.

Ticha hakubishana. "Mzee, shuka kidogo basi. Hiyo pikipiki yako kile cha kuzuia tope kinaitwaje?"

"Digadi."

"Na vikiwa viwili?"

"Madigadi. Kwani vipi?"

"Basi unaongea Kiingereza siku zote. Ni cha kwao hicho, wao wanasema mudguard. Sisi tuliisikia ile ma ya mbele tukajua ni nyingi, tukaitoa ili tupate moja."

Mzee akataka kucheka, akajizuia. Ticha akamwita binti ubaoni, akamwandikia swali la mstatili kwa Kiingereza kitupu, urefu sentimita 8, upana 5, tafuta "perimeter". Binti akalisoma kwa sauti lote. Akaeleza peri ni nini na meter ni nini. Akajumlisha nane na tano, akazidisha kwa mbili, akaandika 26. Halafu bila kuulizwa akamgeukia baba yake akaeleza na ile habari ya "debt", b ilivyochomekwa, na walivyomcheka darasani.

Mzee alikuwa hajui kabisa. Alikaa kimya, kisha akasema polepole, "Ndiyo maana kila Jumanne ulikuwa unaumwa tumbo."

Hakuomba msamaha wala hakumsifu ticha. Akatoa buku, akasema jero ya leo na jero ya kesho, akawasha pikipiki akaondoka.

Mtu angedhani mambo yakaishia hapo. Wapi! Oktoba ikaingia, mtihani wa taifa wa kidato cha pili unafanyika Novemba, na anayeshindwa anarudia darasa. Wazazi wakataka Jumamosi. Ticha akakubali. Wakataka na Jumapili. Akakubali tena, kwa sababu kodi ya chumba nayo ilikuwa inamtazama. Jumapili ya pili, katikati ya somo, binti akalala juu ya daftari, kalamu bado iko mkononi. Hakuna aliyecheka. Nao walikuwa wanasinzia.

Siku hiyo jioni ticha alikuwa anawaza lile neno "shule" ambalo kila siku anawaambia ni la Wajerumani. Lakini Wajerumani nao walilitoa kwenye Kilatini, na Kilatini ikalitoa kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki "scholē" ilikuwa muda wa mapumziko. Muda ambao mtu hana kazi ya kumkimbiza, kwa hiyo anaweza kukaa, kuuliza na kufikiri. Na "tuisheni" nayo, ukiifuata mpaka Kilatini, inatoka kwenye kulinda, kumwangalia mtu aliye chini yako. Anayelinda mtoto anamwacha alale juu ya daftari?

Jumatatu akatangaza: Jumapili hakuna. Wanafunzi kumi na wanne kwa jero ni elfu saba, kila wiki, mpaka mtihani. Wazazi wawili wakasema ni mvivu, wakaondoa watoto. Mwenye nyumba akamuuliza kama ana akili timamu, mwezi wa mavuno ndio anafunga shamba. Baba wa binti alikuja kuuliza mara moja tu, "Sasa Jumapili afanye nini?" Akajibiwa, "Alale, mzee. Akiamka akusimulie maneno." Akaitikia kwa kichwa.

Matokeo ya Januari hayakuwa ya kuandikwa gazetini. Hisabati B. Baiolojia C. Kiingereza D, ambayo ni kufaulu kwa kuparaza. Lakini aliingia kidato cha tatu na wenzake, na siku ya kwanza ya muhula alinyoosha mkono mwenyewe kusoma kwa sauti. Wawili walijaribu kuita "Debti". Akawauliza kama wanajua ile b ilitoka wapi. Hawakujua.

Ticha bado yupo pale Mbagala, jero bado ni jero, na bati bado lina matundu. Wazazi wanaokuja wapya wanamuuliza swali lilelile, Jumapili vipi? Anawaambia shule ni mapumziko, na ukitaka ushahidi kaa kwenye benchi akueleze kuanzia Wagiriki.

Haya mdau, wa kwako Jumapili analala au yupo benchi la nyuma na kalamu mkononi?