Maandalio ya Safari ya Bahari

Msomaji, huenda ukauliza: kijana wa Voi, akaaye kilomita 150 hivi kutoka Mombasa, ana haja gani na elimu ya majahazi? Anayo. Majahazi yaliyokuja Mombasa kutoka Arabuni na Bara Hindi yalisukumwa na kaskazi, takriban Desemba mpaka Machi, yakarudi kwa upepo wa kusi kabla haujakaza. Lakini nahodha hodari hakutweka tanga kwa sababu upepo umevuma tu. Kwanza chombo kilipwelewa. Mafundi wakakalafati nyufa kwa pamba na mafuta, wakakipaka deheni ya shahamu na chokaa kukikinga na wadudu walao mbao. Maji ya kunywa yalihesabiwa kwa watu na kwa siku, zikaongezwa siku za shwari. Misafara iliyovuka nyika kavu ya Taru kuja Taita iliijua hesabu hiyo hiyo: kibuyu kilichosahauliwa pwani hakikuzima kiu njiani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini, msomaji, hakuna pa kujenga ukuta. Ziba ufa ungali bandarini.