Alinigawia Bisi Zake, Nikadhani ni Mapenzi

Kama unataka kumjua mchumba wako vizuri, usihangaike kumpeleka ufukweni. Ufukweni kila mtu ni mzuri. Mpeleke Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba bila kuoga, halafu uone kama bado atakuita malaika.

Mimi nilimpeleka wangu. Ilikuwa miezi minne kabla ya harusi, kamati imeshaanza vikao na kadi za michango zimeshasambazwa. Tulikuwa watano kutoka Dar, wote watu wa maofisini, ambao mlima pekee tuliowahi kuupanda ni ngazi za ghorofa siku umeme umekatika.

Kule Marekani, wanaotembea Appalachian Trail, njia ya zaidi ya kilomita 3,500 inayopita majimbo 14, wana desturi ya kupeana majina ya njiani. Sisi tuliiga hapo hapo geti la Machame, kila mtu akaitwa kwa chakula alichoficha kwenye begi. Dada mmoja wa benki alikuwa na ubuyu wa Zanzibar mifuko sita: Mama Ubuyu. Jamaa mwingine alikuja na hotipoti zima la biriani: Bwana Biriani. Wa tatu alibeba chupa ya pilipili ya kukaanga, naye akawa Pilipili. Mimi nilikuwa Korosho. Mchumba wangu, aliyejaza begi la chokoleti za bei mbaya, akawa Chokoleti.

Siku ya kwanza ni msitu, matope, na mbega wanaokuchungulia juu ya miti. Biriani haikufika hata kambi ya Machame, kwenye mita 3,000 hivi. Kuanzia hapo Bwana Biriani akawa ombaomba rasmi. "Korosho, dada yangu, nikopeshe tano tu, nitakulipa tukirudi Moshi." Hadi leo namdai.

Kero yangu ilikuwa Mama Ubuyu. Nililala naye hema moja, maana mama mkwe alishatangaza kwamba hema la wawili ni baada ya harusi. Jamani, dada yule anakoroma! Akiamka anaongea, akitembea anaongea, akinyamaza ujue anamumunya ubuyu. Na kila kitu anakiona, kila kitu anakisema. "Korosho, shosti, mbona leo hujapiga mswaki?"

Wenye mlima wao wana dawa moja ya kila kitu: pole pole. Chokoleti aliona pole pole ni ya wazee. Alitangulia kila siku, tukamkuta ameketi kwenye jiwe, mikono kifuani. "Mmefika? Mimi nilitaka kuomba uraia huku." Tukacheka. Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, walitupita na mizigo ya hadi kilo 20 kila mmoja, nao wakacheka. Nadhani walikuwa wanatucheka sisi.

Siku ya tatu ndipo utani ulipoanza kupungua. Mnapanda hadi Lava Tower, mita kama 4,600, halafu mnashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini, ili mwili uzoee hewa yenye oksijeni kidogo. Shida ni kwamba huko juu tumbo nalo hugoma. Nyama ya kukaanga ilininukia kama soksi za Pilipili. Chokoleti za bei mbaya zilikuwa ngumu kama vigae. Kumbe kitu pekee kilichopita kooni ni ule ubuyu niliokuwa nausema, kwa uchachu wake. Nikaenda kuomba kwa aibu. "Karibu, shosti," Mama Ubuyu akasema, "njaa haina maringo."

Jioni kambini huwa tunapewa chai na bisi. Chokoleti akasogeza sahani yake kwangu. "Kula, mama, mimi nimeshiba." Nikayeyuka. Kesho yake, baada ya kukwea ukuta wa Barranco kwa mikono na miguu, tukalala kambi ya Karanga. Akanipa bisi tena, na nusu ya viazi. Siku ya tano, tumefika Barafu kwenye mita 4,670 hivi, akanipa hadi supu. Nikamwambia Mama Ubuyu kwa kujidai: umeona mwanaume huyo?

Hakucheka. "Shosti, mwanaume akikugawia chakula chake siku tatu mfululizo, ama anakupenda sana ama anaumwa. Leo amefika wa mwisho. Umemwona anavyotembea?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nakula.

Nikamfuata hemani. Kichwa kinauma? Hapana. Umetapika? Hapana. Lakini alipoinama kufunga kamba za viatu aliyumba, akashika nguzo ya hema. Sikubishana naye. Nilikwenda moja kwa moja kwa kiongozi wetu nikasema yote.

Kiongozi alimwambia atembee mstari ulionyooka. Alishindwa. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii mazoezi wala umri, na mtu akianza kuyumba hakuna kusubiri asubuhi: ni kushuka, tena sasa hivi. Msaidizi wa kiongozi na mpagazi mmoja wakawasha taa zao za kichwani kumteremsha njia ya Mweka.

Nilitaka kushuka naye. Akakataa. Alichosema kabla hajaondoka kiliniuma kuliko baridi: "Ungeniambia mimi kwanza. Umeenda kunishtaki."

Nililia, nikafungasha, nikafungua tena. Mama Ubuyu akanikalia mbele. "Anashushwa na watu wenye kazi hiyo. Wewe utamsaidia nini, kulia? Na ungemwambia kwanza angekukatalia mpaka saa ngapi?" Saa sita usiku tukaanza kupanda. Dada wa kukoroma ndiye aliyenishika mkono. Hakuongea hata neno moja hadi Stella Point, mita 5,756, jua linachomoza. Hapo akaniwekea ubuyu mdomoni. Tukafika Uhuru, mita 5,895. Kwenye picha ninatabasamu, midomo myekundu, lakini moyo ulikuwa Mweka.

Alasiri hiyo niliingia kambi ya Mweka nikichechemea. Nilimkuta amekaa na wapagazi anakula ugali wao kwa mikono miwili, kama mtu aliyetoka jela. Mita zaidi ya 1,500 alizoteremka zilikuwa zimemtibu. Nilisimama pale nikiwa sijui tuna harusi au hatuna.

Alinitazama kwa muda. Kisha akavuta sahani ya bisi, akaisogeza upande wangu.

"Hii ni mapenzi au unaumwa?" nikamuuliza.

Wagumu walicheka kabla yake. "Kichwa kilikuwa kinauma tangu Lava Tower," akasema. "Niliona aibu."

Tulikula bisi nusu kwa nusu. Harusi ilifanyika, na Mama Ubuyu ndiye alikuwa matroni wangu, akaongea kuanzia ukumbini hadi kwenye gari. Siku hizi mume wangu akisema ameshiba, huwa nachungulia kwanza sahani.