Inacheza Vipi?

Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Bujumbura huulizwa mara kwa mara tunakisomea nini. Anayeuliza huwa na jibu lake tayari: Kiswahili ni lugha ya soko na gareji, mtu akishinda Buyenzi wiki mbili atakipata bila kulipa ada. Kuhusu gareji siwezi kubisha. Mjomba wangu ni fundi Buyenzi, na nimekulia miongoni mwa magari yaliyofunguliwa matumbo. Kirundi, Kifaransa na Kiswahili vyote husikika humo, lakini ugonjwa wa gari hutajwa kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa kitenzi kimoja tu: kucheza. Usukani unacheza. Gurudumu linacheza. Bolti inacheza. Chochote kisichokaa mahali pake kinacheza, na fundi akishaambiwa hivyo hulala chini ya gari akajionee mwenyewe.

Mwaka jana kitenzi hicho kilitushinda.

Mashine iliyotushinda ni helikopta ya rimoti. Mwenyewe ni mzee wa mtaani kwetu aliyefanya kazi kiwandani Ubelgiji zaidi ya miaka ishirini. Aliiunda kidogo kidogo wakati wa baridi, kisha akastaafu na kurudi nayo nyumbani ikiwa imeviringishwa katika mablanketi mawili. Usifikirie vile vidude vya watoto vinavyouzwa sokoni. Ina uzito wa karibu kilo sita, na duara la mapanga yake lina upana wa mita moja na nusu. Umbo lake ni la Hughes 500D, helikopta ya Kimarekani yenye mwili kama yai, na kama ile ya kweli ina mapanga matano. Huko Ulaya mzee aliirusha ikiwa na mapanga mawili. Kitovu cha mapanga matano alikinunua mwaka wa mwisho kabla ya kurudi, akakifunga, na hakupata kukijaribu.

Halafu kisukari kikamla macho. Anamwona mtu aliyesimama mlangoni, lakini hawezi kuona kama kitu kilicho hatua kumi na tano mbele yake kimeinama kidogo, na kurusha helikopta ni kuona jinsi ilivyoinama na kuirekebisha kabla haijaenda. Alikuja kwa mjomba na ombi moja. Wajukuu wake wanaijua helikopta hiyo kama kitu kilicho chini ya blanketi kisichoguswa. Alitaka waione hewani mara moja, wakati yeye mwenyewe bado anaweza kuona angalau kivuli chake. Seti ya mapanga ilikuwa moja. Mapanga matano huuzwa pamoja, yakiwa yamepimwa uzito yalingane, na Bujumbura hayapatikani. Likivunjika moja, basi.

Mjomba alikubali kuikagua ila si kuirusha; alisema mikono yake imezoea vitu visivyoondoka. Kazi ya vijiti vya rimoti ikaniangukia mimi. Nilijifunza kwa miezi minne kwenye kompyuta ya mzee, kwa programu inayoigiza urukaji, nikitoka chuoni jioni. Hayo niyapite haraka. Kilichonishughulisha zaidi ni kwamba mzee angesimama kando yangu uwanjani bila kuona, na yeye peke yake ndiye aliyejua dalili fulani ina maana gani. Macho yalikuwa yangu, maarifa yalikuwa yake, na kati yetu palikuwa na maneno tu.

Kwanza nieleze kwa nini mapanga matano ni tabu. Helikopta kwa asili yake haitulii. Ukiiinamisha kidogo huendelea kuinama, haijirudishi kama mtumbwi. Katika miaka ya 1940 Arthur Young, aliyebuni Bell 47 iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1945, aliweka chini ya mapanga yake mawili ufito wenye uzito kwenye ncha mbili. Ufito ule huzunguka pamoja na mapanga na kukaidi kubadilisha mlalo wake, kama pia inayozunguka inavyokataa kuanguka. Helikopta ikiinama ghafla, ufito hubaki ulivyokuwa kwa muda, na kwa kuwa umeunganishwa na mapanga huyarekebisha. Watu wa rimoti waliufuata ufito huo. Mjerumani Dieter Schlüter, mmoja wa waliofanikisha helikopta za rimoti karibu na mwaka 1970, aliutumia, na kwa miongo kadhaa karibu kila helikopta ya namna hiyo ilikuwa nao. Mzee anaukumbuka kwa mapenzi. Anasema ulikuwa unampa mtu nafasi ya kupumua.

Ufito hukaa vizuri penye mapanga mawili. Ukiweka manne au matano, vijiti vya kuuunganisha huwa msitu, kwa hiyo wapenzi wa helikopta zinazofanana na za kweli waliuacha, wakabaki na mashine nzuri ya kutazama na kali ya kushika. Kuanzia karibu mwaka 2010 wengi walipata msaada wa jairo ndogo za kielektroniki. Kisanduku kinachoenea kwenye kiganja hupima mwili unageuka kwa kasi gani katika pande tatu, hulinganisha na amri ya vijiti, kisha huziamuru sevo ziinamishe sahani iliyo chini ya kitovu, ambayo ndiyo inayoyapa mapanga pembe zake. Ya mzee ni ya namna hiyo. Mtu anaweza kudhani basi mashine inajirusha yenyewe. La. Jairo ya mzee inajua kugeuka tu. Mahali haipajui, wala upeo wa macho haiujui. Na ukali wake, yaani nguvu ya marekebisho yake, lazima upangwe na mtu.

Tulipewa ruhusa ya kutumia uwanja wa mpira wa shule moja, mbali na uwanja wa ndege, Jumapili asubuhi na mapema kabla upepo wa ziwani haujaamka. Kanuni ya mzee ilikuwa hatua kumi na tano, hakuna kusogea mapanga yakizunguka. Nilipiga hesabu nikaona ana haki. Duara la mita moja na nusu likizunguka mara 1,300 kwa dakika, ncha ya panga hukimbia zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Mwaka 2013, huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake ya rimoti. Mzee alinisimulia habari hiyo siku ya kwanza na hakuirudia.

Jumapili ya kwanza mapanga yalizungushwa bila mashine kuondoka ardhini. Mjomba, aliyesimama kando, akapaza sauti: “Inacheza!”

“Inacheza vipi?” mzee akauliza.

Mjomba akarudia kwamba inacheza. Kwenye gareji angelala chini akatazame, lakini hapa hakuna kulala chini ya kitu. Mzee akanigeukia mimi. “Binti, wewe unasomea maneno. Nipe.”

Nilitazama tena. Mwili mzima ulikuwa unatikisika, mtikisiko mpana, wa polepole, hasa mapanga yalipoanza kushika kasi, kisha ukapungua. Nikamwambia inatikisika inapoanza, halafu inaacha. Hilo lilimtosha. Kila panga limeshikwa kitovuni kwa bolti moja. Halikazwi kabisa, kwa sababu linatakiwa lijinyooshe lenyewe likivutwa nje na mzunguko, lakini likiachwa legelege mno mapanga matano huanza safari bila kupangana na mashine hutikisika. Akamweleza mjomba akaze mpaka panga lisianguke kwa uzito wake helikopta ikilazwa ubavu, ila likisukumwa kwa kidole likubali. Mjomba, ambaye mkono wake unajua mambo hayo kuliko vitabu vyote, alimaliza kwa dakika tano.

Mtikisiko ukaisha, likabaki jambo jingine: mtetemo mdogo, wa haraka, usiokoma. Kutikisika na kutetemeka watu huvichanganya, na kamusi nazo hueleza kimoja kwa kingine. Pale uwanjani vilitengana. Kutetemeka kulimpeleka mzee kwenye urefu wa mapito ya mapanga. Alikuwa amefunga ncha zake kwa utepe wa rangi tano. Nikachuchumaa mbali, jicho langu likiwa sambamba na duara. Badala ya mstari mmoja niliona miwili, na ule wa juu ulikuwa mwekundu. Panga jekundu lilikuwa linapita juu ya wenzake, maana pembe yake ilikuwa kubwa kuliko zao. Nusu mzunguko wa kijiti chake, mistari ikaungana.

Jumapili ya pili tukaiinua. Mzee alikuwa ameongeza pembe ya mapanga yote, kwa sababu ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ya joto ni nyepesi kuliko ile ya Ubelgiji. Panga lazima lime zaidi. Iliondoka ikafika kimo cha kiuno changu, na papo hapo ikaanza kuyumba. Naomba wenzangu wa darasani wakisimamie kitenzi hiki. Kuyumba ni kwenda huku na kurudi kule polepole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Mzee akasikia “inayumba” akasema jairo ni dhaifu, iongezewe ukali. Tukaanza asilimia 30, tukapanda tano tano. Tulipopita 50 haikuyumba tena, ikawa inatetemeka, safari hii si mwili mzima bali pua tu, juu chini, kama kidevu cha mtu anayesikia baridi. Hapo jairo inarekebisha kupita kiasi, inarekebisha na marekebisho yake yenyewe. Tukarudi 45.

Nikamwambia pia kwamba imeinama kulia hata ikiwa imesimama hewani. Nilidhani ni ugonjwa. Akacheka, akasema hiyo ni afya. Mapanga ya mashine hii huzunguka kama mishale ya saa ukiyatazama kutoka juu; rota ndogo ya mkiani, inayouzuia mwili usizunguke kinyume, humsukuma mnyama mzima kushoto, na ili abaki mahali pamoja lazima aegemee kulia kidogo. Kuinama ni neno moja, lakini kuinama na kuegemea havikuwa kitu kimoja siku ile.

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi ni kulala. Kila nilipoisukuma mbele kwa nguvu, ilikwenda mbele na wakati huohuo ikalala kushoto. Jambo hili haliwezi kueleweka bila pia. Ukiigusa pia inayozunguka kwa mbele, haiangukii ulikoigusa, huangukia ubavuni, robo mzunguko baadaye. Mapanga nayo hutii amri kwa kuchelewa robo mzunguko, yaani digrii 90, na sahani hupangwa kwa kutegemea kuchelewa huko. Lakini kitovu cha mapanga mengi huwa kigumu, hakinesi, na panga lililoshikwa kwa ugumu huitikia mapema kabla ya digrii 90 kutimia. Amri ya kwenda mbele inafika na kipande cha amri ya kwenda kushoto. Jairo huficha kosa hili mashine ikiwa imetulia, likaonekana tu nilipodai mwendo. Dawa ni kumwambia jairo azungushe amri zake kwa digrii kadhaa. Mzee alijua dawa; alichohitaji kwangu ni kujua inalala upande gani, kiasi gani, na kama inalala kabla ya kuondoka au baada. Tulijaribu digrii sita, ikawa bado. Tisa, ikazidi kidogo kunyooka. Kumi na moja, ikaenda mbele kama kijiti cha mshale. Jumapili tatu zilikuwa zimepita.

Wajukuu waliletwa Jumapili ya saba, wanne, wamevaa nguo za sikukuu, wakasimamishwa nyuma ya mstari aliouchora mjomba kwa chokaa. Mapanga matano hayapigi kelele ya kupasua hewa kama mawili. Hutoa mvumo mmoja mzito, na mzee alikuwa akiusikiliza huku amefumba macho, jambo ambalo sikulitarajia, kwa kuwa kuona ndiko kulikomleta. Nikaiinua mpaka mita tatu.

“Inafanya nini sasa?” akauliza.

“Imetulia.”

“Imetulia, au umeituliza?”

Vidole vyangu havikuwa vimepumzika hata sekunde moja. Upepo mwembamba ulikuwa umeanza, mashine ilikuwa inaserereka kuelekea goli, na jairo haikuliona hilo kuwa tatizo kwa sababu haikuwa imegeuka popote. Ilikuwa inahama tu. Mimi ndiye niliyekuwa nairudisha kila mara. Nikamjibu kwamba nimeituliza. Akafumbua macho, akaelekeza uso wake kwenye kivuli kilichokuwa hewani, akanitaka nimwonyeshe ubavu wake. Nikaigeuza polepole mpaka umbo la yai likaonekana lote.

Dakika ya sita rimoti ililia kuashiria betri. Nikaishusha kwenye majani, nikazima mota, tukasubiri mpaka mapanga yakasimama kabisa. Mzee akauliza kama yote matano yapo. Mjukuu wake mdogo akayahesabu kwa sauti kutoka nyuma ya mstari wa chokaa, kwa Kirundi, akianza na jekundu.