Ritifaa ya Mang'ula

Katika miaka yangu ya ualimu sikuona alama iliyodharauliwa kama ritifaa. Watoto waliisahau, wachora mabango waliiacha, na wazazi wengine waliiona kuwa doa la wino tu. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza anajua kwamba bila doa hilo "ng'oa", yaani kuchomoa, hugeuka "ngoa", yaani wivu. Hapo ritifaa si pambo, ni sehemu ya herufi. Sisi wa Bonde la Kilombero hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Atokaye huku Mofu, akapita Ifakara kuelekea Mikumi, hufika Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Liandike "Mangula", na mgeni atalitamka jina ambalo si la wenyeji.

Siku hizi ubishi huu umehama ubaoni na kuingia kwenye kompyuta. Nilimsindikiza kijana wa jirani kwenye steshenari moja kujaza fomu ya kuomba nafasi ya masomo kwa njia ya mtandao. Jina la ukoo wake lina ng'. Fomu ikakataa: andika herufi tu. Akaiondoa ritifaa, fomu ikapokea. Baada ya wiki kadhaa akaambiwa kuwa jina la kwenye maombi halilingani na la kwenye cheti, basi alete hati ya kiapo. Nauli, ada ya wakili na siku mbili za kazi zikaenda kwa ajili ya nukta moja.

Nilitaka kujua ritifaa ina kosa gani, na nilichojifunza ni hiki, msomaji. Tunayojaza kwenye fomu husafiri yakiwa mstari mmoja mrefu wa maandishi, mara nyingine ndani ya anwani yenyewe. Katika mstari huo baadhi ya alama zimepewa kazi: alama ya kuuliza hutangulia majibu, alama ya = huunganisha swali na jibu lake, na & hutenganisha jibu na jibu. Mwenye duka la "Baba & Wana" akiandika jina hilo hivi hivi, mashine itadhani jibu limeishia kwa Baba. Kwa sababu hiyo alama kama hizo hufungwa kabla ya safari, kwa alama ya asilimia na tarakimu au herufi mbili: & huwa %26, nafasi huwa %20, na ritifaa huwa %27. Ndiyo maana pengine utaona Mang%27ula juu ya ukurasa.

Namba hizo hazikuokotwa. Katika jedwali la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, ritifaa ni alama ya 39. Hesabu kwa mafungu ya 16 badala ya 10: utapata mafungu 2 na kubaki 7, yaani 27. Tim Berners-Lee na wenzake waliuandika utaratibu huu kuwa kanuni ya anwani mwaka 1994, ukarekebishwa mwaka 2005. Fomu zina desturi yake pia: nafasi hugeuzwa kuwa +. Basi namba ya simu inayoanza na +255 isipofungwa vizuri, ile + hufika ikiwa nafasi tupu.

Iko pia ritifaa iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe. Machoni petu ni ileile, lakini kwa mashine ni nyingine kabisa, nayo hufungwa kuwa %E2%80%99. Mtu mmoja anaweza kuonekana wawili.

Kwa nini basi wengine huikataza? Katika lugha ya hifadhidata, ritifaa huonyesha mwisho wa maneno, na mwovu huweza kuitumia kupenyeza amri yake. Hofu hiyo ni ya haki, ila dawa yake ipo: jina lipelekwe peke yake na amri peke yake, visichanganywe. Kuikataza ritifaa ni kumkata mtoto vidole ili kiatu kimtoshe.

Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani. Fomu ile ingeikataa hata methali hiyo.

Kwa vijana wetu wanaosomea kutengeneza mifumo nina ombi moja. Kabla ya kuifungulia watu, ijaribuni kwa majina ya kwetu. Andikeni Mang'ula. Andikeni yale majina ya Wasukuma tunaoishi nao bondeni, yanayoanza na Ng'wa. Yatumeni, yahifadhini, kisha yachapeni kwenye karatasi mtazame. Yakitoka na %27 katikati, kuna aliyefunga mzigo na hakuna aliyeufungua. Yakitoka bila kitu, mzigo umepotea njiani, na mwenye jina atalipa nauli kuutafuta.