Namba ya Mama

Mwaka jana simu yangu ilitumbukia baharini hapa Qurayyat, nikiwatazama wavuvi wakishusha jodari. Majina yote yakazama nayo. Siku tatu sikuweza kumpigia mama Unguja, na siku yake ya kliniki ya presha ikapita bila mimi kumkumbusha.

Muuguzi mwenzangu ninayeishi naye, mtu wa Mombasa, ana kompyuta ndogo sebuleni yenye Nextcloud. Tulikuwa tukihifadhi picha tu. Jioni moja tukaongeza programu mbili, Calendar na Contacts. Simu yake ya Android ilihitaji DAVx⁵. iPhone yangu mpya ilipokea akaunti za CalDAV na CardDAV kwenye mipangilio yake yenyewe. Sasa zamu zangu za usiku na kliniki za mama ziko pamoja, na ile saa moja ambayo Oman imeitangulia Tanzania hainichanganyi tena.

Ila ndugu zangu, kuoanisha si kuweka akiba. Ukifuta jina kwenye simu moja, linafutika kote. Kila mwisho wa mwezi napakua majina yote na kuyaweka kwenye fleshi.

Namba ya mama? Hiyo nimeihifadhi kichwani.